Kukata Korosho, Kusoma Kopo

Msimu wa korosho ukianza vidole vyangu hubadilika rangi. Mafuta ya ganda hayana adabu. Yanababua ngozi, yanaacha weusi kwenye kucha ambao hakuna sabuni inayouweza, na nyumbani nasogezewa kijiko kabla sijanyoosha mkono kwenye ugali. Kazi yangu ni kupima ubora ghalani, hapa Mtwara mjini. Lori likifika nachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye magunia: ya juu, ya kati, na yale ya chini kabisa ambayo wapakiaji hawapendi uyafikie. Nachanganya, napima kilo moja, nahesabu punje, kisha nakaa kwenye kigoda na kukata moja moja. Kiini kizima huku, kilichosinyaa kule, chenye madoa ya mbu wa mikorosho pembeni, kilichooza kwenye ndoo. Vizuri vinarudi kwenye mizani. Gramu 280 za kiini kwenye kilo moja ni kama ratili 49 kwa gunia la kilo 80, na mnunuzi hapo hana neno. Zikitoka gramu 255 inakuwa ratili 45, na hapo kelele zinaanza.

Msimu uliopita mzee mmoja wa Kitangari alisindikiza lori la chama chao cha msingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kigoda karibu yangu.

"Mwanangu, hizi ni za Newala. Usijichoshe kukata."

"Mzee wangu, Newala ni jina la mahali. Kiini nitakionaje bila kukata?"

Akacheka, akatoa tambuu lake, akasubiri. Zilitoka ratili 46. Hakusema tena habari za Newala.

Somo lile, la kutoamini jina mpaka ukate, sikulipata ghalani, ingawa ningeweza kumwambia mzee hivyo na angeamini. Nililipata kwenye bangi. Nalisimulia leo kwa sababu mdogo wangu mmoja alitaka kufa nalo mwaka 2022, na kwa sababu vijana wa hapa wameanza kuzungumza lugha ya lebo kama watu waliozaliwa dukani.

Nianze Mikindani, 2008. Tumemaliza kidato cha sita, matokeo bado, kazi hakuna, na jioni zote tunaishia ufukweni nyuma ya mitumbwi. Aliyekuwa akituletea mjani tulimwita Mjomba, kama kila mtu alivyomwita. Kete zake alizifunga kwa karatasi za daftari la mistari; mara nyingine ulikuta hesabu za mtoto wa darasa la tatu, zimekosewa na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mali yake ilikuwa na jina moja tu: cha Malawi. Jina hilo lilikuwa na heshima kuliko Mjomba mwenyewe. Kama kweli kilitoka Malawi au shambani kwa shemeji yake, hakuna aliyeuliza.

Kete ya kwanza niliyovuta ilikuwa imejaa mbegu. Zilipasuka kwenye moto pa! pa! na moja ikanitoboa shati la sare ambalo mama alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya mdogo wangu. Stimu yake ilikuwa ya upole. Tulicheka sana kwa jambo nisilolikumbuka, halafu njaa ikaja, tukamaliza ming'oko ya mama mmoja pale stendi pamoja na chumvi yake yote. Nikalala vizuri. Nikajiona mtu ninayeijua bangi.

Wiki tatu baadaye Mjomba yuleyule akaleta cha Malawi kilekile. Safari hii akasema kwa kujisifu, "Hiki hakina mbegu hata moja. Msafi." Sisi tukaelewa usafi kama wa mchele uliopepetwa. Nikavuta kiasi kilekile, msokoto uleule wa kugawana watu watatu. Zikapita dakika chache moyo ukaanza kukimbia, nikausikia masikioni. Mikono ikawa si yangu. Nikashika ukuta wa mawe wa nyumba moja kuukuu nikaamini kabisa kwamba nikiuachia, naanguka baharini, ingawa bahari ilikuwa hatua 50 nyuma yangu. Wenzangu wakacheka. Nikatimua mbio hadi kwa bibi.

Bibi alikuwa barazani anapukuchua mbaazi kwa mwanga wa kibatari.

"Mume wangu, mbona mbio? Umekutana na simba?"

Sikuweza kujibu. Alinitazama macho, akanusa hewa kidogo, hakuuliza la pili. Akanisogezea ungo. "Pukuchua." Nikapukuchua. Ganda, punje tano, ganda, punje sita. Kila nilipoanza kuhema aligonga ungo kwa kidole: pukuchua. Sijui ulipita muda gani. Mbaazi zilipokwisha, moyo ulikuwa umerudi mahali pake, na bibi alikuwa amelala palepale akiwa amekaa. Mpaka anafariki hakuwahi kunitajia usiku ule, isipokuwa kila mbaazi zilipoiva alikuwa akiniita mimi kwanza.

Kwa miaka 11 nikaamini nilirogwa, au Mjomba alichanganya kitu. Huenda alichanganya. Lakini jibu la karibu zaidi lilikuwa kwenye lile neno lake, "hakina mbegu", na nilikuja kulielewa nikiwa nimevaa ovaroli nyeupe na kofia ya nailoni kichwani, Ontario, nchini Kanada.

Nilikwenda huko 2019 kusoma chuo cha ufundi. Kwa kuwa mwanafunzi anakula, nikatafuta vibarua, nikapata kwenye shamba la mabanda ya vioo karibu na Leamington, kusini kabisa mwa Ontario, mji unaojivunia nyanya kama Tandahimba inavyojivunia korosho. Kanada ilihalalisha bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na baadhi ya mabanda ya nyanya na pilipili hoho yalikuwa yamegeuzwa. Nilikuwa nafagia, nasogeza vyungu, baadaye nikapewa mkasi wa kupunguza majani. Nilimwambia mama kwamba nalima maua, na sikuwa nimesema uongo.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni pazia. Kule mwezi Juni jua linakaa angani zaidi ya saa 15. Mmea wa bangi ukiona mchana mrefu hivyo unaendelea kuota majani tu, hautoi maua. Kwa hiyo kila jioni, jua likiwa bado kali, mashine inakunjua pazia jeusi juu ya banda zima, ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira, ili mimea ipate saa 12 za giza. Asubuhi linakunjwa. Nikasimama siku ya kwanza nikacheka peke yangu. Watu hawa walikuwa wanalipia mashine na umeme kutengeneza usiku wa Mtwara. Huku kwetu jua linatoka saa 12 na kuzama saa 12, mwaka mzima halibadiliki sana, bure.

Cha pili ni hizo mbegu. Mmea wa bangi una dume na jike, mimea miwili mbalimbali. Jike likipata chavua linaanza kutunga mbegu na nguvu zake zinakwenda huko. Likinyimwa dume, linaendelea kusukuma utomvu kwenye maua, vitone vidogo kama umande wenye kichwa, na ndani ya vitone hivyo ndimo ulevi ulimo, ile THC. Shambani kwetu dume moja likionekana lilikuwa dharura. Msimamizi alilitoa kwa mfuko kama anayetoa maiti. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mjomba na kete yake "safi". Kete ya kwanza ilitoka kwenye mmea uliozaa. Ya pili ilitoka kwa jike lililotengwa, au walau lililokuwa mbali na dume. Jina lilikuwa lilelile, cha Malawi, na mwili wangu ulilipia tofauti.

Kuna siku msimamizi alinipa lenzi niangalie vile vitone. Vichanga vinang'aa kama kioo. Vikikomaa vinakuwa na utando mweupe kama maziwa, na vikipitiliza vinageuka rangi ya asali. Wenye uzoefu wanaamua siku ya kuvuna kwa rangi hiyo. Anayelima kwa kujificha, akisikia mlio wa gari porini, anavuna siku hiyohiyo, iwe kioo au asali. Nani atamlaumu?

Halafu kuna kukausha, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndiko nilikoharibu kitu kwa mikono yangu. Maua yalining'inizwa kwenye chumba chenye giza, baridi na unyevu wa kupimwa, karibu wiki mbili. Mimi niliona yanachelewa. Nikageuza feni moja iyaelekee, kwa mawazo ya mtu wa ghala: korosho mbichi tunaianika juani, ikauke, ikae gunia. Siku tatu baadaye safu ile yote ilikuwa imekauka ikawa kama majani ya chai, na inanuka nyasi kavu. Mimea ileile, vipandikizi vya mama mmoja, kama miche ya mikorosho inavyobebeshwa pale kituo cha utafiti cha Naliendele ili ifanane na mama yake. Safu ya jirani ilinuka machungwa na pilipili manga, yangu ikanuka zizi. Sikufukuzwa, lakini nilirudishwa kwenye ufagio mwezi mzima.

Kinachopotea hapo ni mafuta ya harufu, terpini kama wanavyoyaita. Mengine unayajua bila kujua: limonini iko kwenye ganda la limau, kariofilini iko kwenye karafuu na pilipili manga, mairsini iko kwenye mchaichai na embe. Ni mepesi, yanaruka. Na THC yenyewe ikikaa kwenye joto, mwanga na hewa inageuka taratibu kuwa kitu kingine, CBN, ambacho ni dhaifu zaidi. Sasa fikiria kete iliyokaa miezi minne kwenye mfuko wa suruali ya mtu anayeendesha bodaboda kati ya Mtwara na Masasi.

Ukungu nao nilikutana nao. Siku moja tuliona unga mweupe juu ya majani, nikasema kwa Kiswahili, "Ubwiriunga!" Mfilipino aliyekuwa pembeni yangu akadhani nimetukana. Ni ndugu wa ubwiriunga wetu wa mikorosho, ule tunaoupigia salfa kila mwaka hadi kijiji kizima kinanuka kiberiti. Kule mimea ilitolewa, banda likafungwa. Nikaelezwa sababu ya ukali: mwaka 2016 na 2017 baadhi ya bangi ya matibabu nchini humo ilirudishwa kutoka sokoni baada ya kukutwa na dawa ya ukungu iitwayo myclobutanil, ambayo ikichomwa inaweza kutoa sumu ya sianidi. Kwenye zabibu inaruhusiwa, maana zabibu haivutwi. Mama yangu anapiga salfa kwenye mikorosho kwa sababu hakuna anayevuta korosho. Aliyekuwa analima cha Mjomba alipiga nini, na lini, hilo halikuandikwa kwenye daftari la mtoto wa darasa la tatu.

Basi nikaanza kuziheshimu lebo. Kopo la duka halali lilikuwa na alama nyekundu ya pembe nane, onyo kwenye fremu ya njano, tarehe ya kufungwa, namba ya kundi, kiasi cha THC na cha CBD, ile kemikali nyingine ya bangi isiyolevya. Kwa mtu aliyetoka kwenye karatasi za hesabu, ilikuwa kama kusoma cheti cha kuzaliwa. Nikasahau kabisa tabia ya kukata.

Dukani dada mmoja mchangamfu akanielekeza: indica ni ya kulala, sativa ni ya kuchangamka. Nikanunua sativa kwa sababu nilikuwa na mtihani wa kujiandaa nao. Nikalala kama gunia, nikaamka saa nne asubuhi na kitabu usoni. Nikanunua nyingine, sativa tena, jina jingine. Hiyo ikanichangamsha mpaka nikaosha vyombo vya nyumba nzima, vikiwemo vya watu wasionisalimia.

Majina hayo yana historia ndefu kuliko maana. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita mmea Cannabis sativa mwaka 1753. Mwenzake wa Ufaransa, Lamarck, akaona sampuli kutoka India mwaka 1785 akaiita indica. Walikuwa wanatazama majani na mashina. Habari za usingizi zilikuja baadaye, na wauzaji. Mwaka 2021 watafiti wa Kanada na Uholanzi walichapisha kwenye jarida la Nature Plants kazi yao juu ya sampuli zaidi ya 100: zilizoandikwa indica na zilizoandikwa sativa hazikutofautiana kinasaba kwa namna ya kuzitenga makundi mawili. Kilichofuatana na jina ni terpini chache tu. Kwa maneno ya ghalani, watu walikuwa wananusa, halafu wanaandika jina.

Nikasema sawa, majina ni ya sokoni, nitashika namba. Namba nayo ina mambo yake. Ndani ya ua bichi THC haijawa THC. Iko kama asidi, na moto ndio unaoigeuza. Ikigeuka inapungua uzito, kwa hiyo asidi ya asilimia 25 inakupa THC kama asilimia 22. Kwenye kopo moja unakuta namba mbili, ndogo ya sasa na kubwa ya baada ya kuchomwa, na nimeona watu wakinunua kwa kusoma ile ndogo wakidhani ni dawa ya kikohozi. Tena maua ya juu ya mmea, yaliyokula taa, yana nguvu kuliko ya chini yaliyokaa kivulini. Sampuli ya maabara ikichotwa juu, namba inapanda. Sisemi kwamba tulipokuwa walidanganya. Nasema nilikuwa na mkasi mkononi na niliona jinsi ilivyo rahisi, kama nijuavyo leo kwamba bambo likichomwa gunia la juu peke yake lori zima linakuwa zuri.

Na wanunuzi ndio wanaovuta namba juu, maana wanalipia asilimia kama sisi tunavyolipia kilo. Marekani, jimbo la Colorado, watafiti walinunua sampuli 23 madukani wakazipima upya. Matokeo yalitoka 2023: takriban asilimia 70 ya sampuli zilikuwa na THC pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ya ile iliyoandikwa. Duka halali, maabara halali, lebo yenye muhuri. Nilipoisoma nilijisikia kama nimemkuta Mjomba amevaa tai.

Lakini niitendee lebo haki, kwa sababu kuna usiku ilisema kweli na sisi ndio tuliokataa kuisikia. Nilikuwa nakaa na Mtanga mmoja, mcha Mungu, mpishi hodari wa samaki, ambaye hakutaka moshi kwa sababu ya pumu. Akanunua chokoleti ya bangi. Kanada pakiti nzima ya kula hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC. Akala pakiti. Dakika 40 zikapita.

"Kaka, hamna kitu. Wametuuzia Cadbury."

Akala ya pili. Kwenye karatasi aliyoitupa sakafuni onyo la njano lilikuwa linasema inaweza kuchukua muda wa hadi saa 4 kuhisi nguvu yote, na kuongeza kabla ya hapo kunaweza kukupeleka hospitali. Bangi iliyoliwa inapita kwenye ini kwanza, na ini linaigeuza kuwa kitu kinacholevya zaidi na kukaa zaidi. Kufika saa tano usiku Mtanga wangu amepiga magoti jikoni, ameukumbatia mguu wa friji, ananisihi nimpigie mama yake Tanga amuage. Kule ilikuwa alfajiri. Nilimnyima simu. Sikuwa na mbaazi, nikamwaga pakiti ya maharage makavu kwenye sinia nikamwambia, "Chagua." Alichagua maharage safi kabisa yasiyo na jiwe hata moja mpaka kukapambazuka. Tuliyapika Jumapili. Mimi nikaacha kabisa mwaka ule, si kwa uamuzi mkubwa; nilikuwa nimechoka kukisia.

Nilirudi 2022. Bandari imepanuka, bei za samaki pale feri zimepanda, na kijiweni nikakuta Salumu, mtoto wa mama mdogo, ananiuliza kwa upole kabisa:

"Kaka, wewe umekaa huko. Ya kusomea ni sativa, eti?"

Akanionyesha kipakiti cha plastiki cha kubana mdomo. Kimebandikwa stika ya rangi, jina la Kizungu la keki fulani, katuni ya nyani, na chini "THC 28%". Nilikigeuza. Hakuna tarehe, hakuna kundi, hakuna lililoandikwa nyuma. Kona ya stika ilikuwa imekatwa kwa mkasi vibaya, imepinda. Ilichapwa stationari, kwenye karatasi zilezile za kubandika picha za harusi kwenye makopo ya keki. Lebo imefika Mtwara, maabara haijafika. Na isingeweza kufika: sheria yetu ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza, kuwa nayo na kuitumia, na bangi ya mtaani ikifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, inafika kama kielelezo cha kesi. Hakuna wa kumuuliza hiyo 28 imetoka wapi. Kwa Mjomba walau ulijua kwamba hujui.

Nikamweleza Salumu haya yote, pazia, dume na jike, feni yangu, sampuli 23. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ligi ya nchi nyingine. Nadhani nilizungumza mno. Ningemwambia mambo mawili tu na kunyamaza.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka huohuo mama mdogo aliponigonga usiku. Salumu hajalala siku tatu. Anazungumza na redio iliyozimwa, anasema mtangazaji anamtaja yeye. Tukampeleka hospitali tukiwa wanne kwenye bajaji. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya chini, hakumkemea mtu. Akauliza maswali mepesi.

"Amevuta nini?"

Bangi, tukasema.

"Bangi tu, au imechanganywa? Kiasi gani? Kwa muda gani? Kali kiasi gani?"

Mama mdogo akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa Kanada. Nikatoa mfukoni kile kipakiti, nilikikuta chini ya mto wake. Nikampa daktari. Aliisoma stika, nyani na yote, akaigeuza, akaangalia nyuma palipo patupu. Kisha akairudisha kwangu bila kuandika kitu kwenye faili. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona hata siku ya feni.

Alitueleza bila kutia chumvi: THC nyingi inaweza kumletea mtu hali ile, hasa kijana, hasa aliyeanza mapema na anayevuta kila siku, na hasa kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili. Mama mdogo akainamisha kichwa. Kaka yake mkubwa, ambaye sisi watoto tuliambiwa alikwenda Msumbiji, hakuwa amekwenda Msumbiji. Hilo nalo halikuwa kwenye stika, na hata kopo la Kanada lenye mihuri yote lisingelijua.

Salumu alikaa wodini siku 11. Alipotoka alikuwa mnene kidogo wa dawa, mpole, anaogopa redio. Anahudhuria kliniki kila mwezi na mama mdogo ndiye anayetunza kadi. Kijiweni hakurudi, au sijamwona. Msimu ulipofunguliwa mwezi wa kumi nilimwomba bosi anichukulie kibarua wa kuchambua viini. Akakubali nusu siku.

Mwanzoni nilimpa zile nzima tu, nikakata mwenyewe. Sasa anakata. Ana mkono mtulivu kuliko wangu, haharibu kiini, na hana haraka. Ananiuliza mambo: kwa nini hili lina doa la nje na ndani ni zima, kwa nini hili zuri nje na ndani unga. Ile stika ninayo bado, kwenye droo ya meza, chini ya kipima unyevu. Hajaiuliza.

Juzi lori la Kitangari likarudi na mzee wake. Shikamoo, marahaba, kigoda, tambuu. Akamwona Salumu ameinama, vidole vyeusi mpaka kwenye kifundo.

"Mjukuu wangu, hizi ni za Newala."

Salumu hakuinua kichwa. "Ndiyo, babu," akasema, akachukua nyingine, akaweka kisu.